Je, Kumbukumbu Hii Ni Yangu?

SWALI: Nilizaliwa Machi 2001 na kukulia Himbi, hapa Goma. Ninakumbuka anga jekundu juu ya parsela yetu wakati wa mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, mama akiwa amenibeba mgongoni. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anasema haiwezekani. Ninakumbuka pia mbabula (jiko la makaa) ya bibi ikiwaka uani na harufu ya sombe. Je, kumbukumbu hizi ni zangu kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, yaya yako ana hoja, ingawa nawe husemi uongo. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri wa miaka 3 hivi, kwa kuwa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayounganisha mahali, watu na tukio, bado inakomaa, na mtoto hana maneno ya kujisimulia yaliyompata. Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji kuelekea Ziwa Kivu na watu wakakimbilia Gisenyi, ulikuwa na miezi 10 tu. Yaelekea uliisikia habari hiyo nyumbani mara nyingi mno, hata akili yako ikaichora, na picha ya namna hiyo huonekana wazi sawa na ya kweli.

Mbabula ni jambo jingine. Iliwashwa jioni baada ya jioni, miaka nenda rudi, na harufu huamsha kumbukumbu kwa nguvu. Hiyo naamini ni yako. Kama bibi yu hai, muulize mapema ilikaa upande gani wa ua, wala usimtajie kwanza unavyokumbuka wewe.