Maswali na Majibu: Nani Akae na Nani Mezani

SWALI: Tunaandaa warsha ya hisabati tumizi ya siku 4, washiriki 9. Tunajua wa chuo kimoja watakaa meza moja kila mlo, na wanafunzi watabaki na simu zao. Tuwachanganyeje?
Mwandaaji, Morogoro

JIBU: Msiwaombe wachanganyike, hakuna atakayebanduka. Wekeni kadi za majina mezani. Oberwolfach, kituo cha utafiti wa hisabati kilichoanzishwa 1944 katika Msitu Mweusi, Ujerumani, majina ya wageni hupangwa mezani kwa kubahatisha, na profesa hujikuta ubavuni mwa mwanafunzi. Hukohuko, mwaka 1967, Gerhard Ringel aliuliza: je, wageni wanaweza kuzungushwa kwenye meza za duara mpaka kila mmoja awe amekaa jirani na kila mwenzake mara moja tu?

Kwenu inawezekana. Meza 3 za watu 3, chakula cha mchana siku zote 4. Wapeni namba 1 hadi 9; kila kundi la tarakimu tatu ni meza moja:

Siku ya 1: 123, 456, 789
Siku ya 2: 147, 258, 369
Siku ya 3: 159, 267, 348
Siku ya 4: 168, 249, 357

Kila mtu ana wenzake 8 na hupata majirani 2 kwa mlo, basi milo 4 inawamaliza. Ila msije mkapanga meza ya watu 4 na ya watu 5 kwa sababu ukumbi hauna meza ndogo. Kwa hesabu ya majirani inaonekana itakubali, kumbe imethibitishwa kuwa mpangilio huo haupo. Akiongezeka mtu wa 10, tumieni meza moja kubwa: wenzake ni 9, namba witiri, na majirani huja wawiliwawili, hivyo katika milo 4 kila mtu atamkosa mmoja. Awe yule anayelala naye chumba kimoja.

Asiyetokea, kiti chake kibaki wazi. Mkisogeza mtu, siku zote zinazofuata zinavurugika. Na namba ya meza iandikwe nyuma ya kadi, maana mhudumu akifuta meza atazirudisha anavyojua yeye.

SWALI: Jumatano alasiri tusiweke mada kabisa? Si uvivu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Msiweke. Wageni wa Oberwolfach Jumatano alasiri hutembea kwa miguu hadi kijiji cha St. Roman kula keki ya cheri. Nanyi chagueni pa kwenda penye kitu cha kula, la sivyo watajifungia vyumbani kurekebisha slaidi.