Amekonda kwa kifua: anunue kopo la protini?

Baba ana ugonjwa sugu wa mapafu, amekonda mpaka suruali zinamvuka. Duka la dawa wanatuambia tununue unga wa protini. Tununue?

Mpimeni uzito kwanza. Mgonjwa huyu hutumia nguvu nyingi kuvuta pumzi tu, na hamu ya kula nayo hupotea, hivyo misuli inaisha. Kwa waliokonda, tafiti zimeonyesha kuwa lishe ya ziada huongeza uzito, na huenda ikawasogeza mbele kidogo katika kipimo cha umbali ambao mgonjwa anatembea kwa dakika 6. Kwa hiyo si porojo za muuzaji. Ila kopo si lazima. Wataalamu wengi hulenga gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji 60 hadi 75. Yai moja lina kama 6. Mpikieni uji kwa maziwa badala ya maji, mkoroge na siagi ya karanga. Mchana dagaa au maharage. Ale kidogo kidogo mara 5 au 6, kwani tumbo likijaa hubana pumzi. Kopo litamfaa akishindwa kutafuna au kumaliza sahani. Kama figo zake zina shida, muulizeni daktari kabla ya kuongeza protini.

Mimi nina kifua hichohicho, lakini nina kilo 90. Nami nitumie?

Hapana. Pesa hiyo nunua viatu vizuri vya kutembelea.

Kreatini, ile poda ya wanyanyua vyuma, itanisaidia kupanda ngazi?

Imejaribiwa kwa wagonjwa wa mapafu waliokuwa kwenye mazoezi tiba, haikuongeza cha maana juu ya mazoezi yenyewe. Kaa kwenye kiti, inuka bila kujishika, kaa tena. Rudia mpaka mapaja yachoke, pumzika, endelea. Chakula bila mazoezi hurudisha kilo, lakini si lazima zirudi kama misuli.

Na vidonge vya vitamini?

Vitamini D imepunguza vipindi vya kuzidiwa kwa wenye upungufu mkubwa tu, kwa hiyo pima damu kwanza. Kama bado unavuta sigara, kaa mbali na vidonge vya beta-karotini, kile kiini cha vitamini A kilichomo kwenye karoti. Finland waliwapa wanaume wavutaji wakitarajia kuwakinga. Matokeo ya 1994 yakaonyesha saratani ya mapafu imeongezeka. Karoti na mchicha kula tu, havina neno.