Locke: anza na kitabu cha pili
Umekwama kwenye kitabu cha kwanza kati ya viwili vya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, kuhusu serikali (Two Treatises of Government)? Kiruke, ndugu. Chote kinamjibu Robert Filmer, mwandishi Mwingereza aliyedai wafalme walirithi mamlaka kutoka kwa Adamu. Anza na cha pili: sura ya 2, ya 5 kuhusu mali, ya 9, kisha ya 11. Hapo kifungu cha 142 kisome polepole: bunge litawale kwa sheria zilizotangazwa, zilezile kwa tajiri na maskini, lilenge manufaa ya wananchi, lisitoze kodi bila ridhaa yao, lisimkabidhi mwingine kazi ya kutunga sheria. Sura ya 19 huwapoteza wengi, wakadhani kosa lolote la serikali linahalalisha uasi. Kifungu cha 225 kinakataa: mpaka dhuluma ziandamane, na nia ya serikali ya kudhulumu ionekane wazi.