Kabla ya kumsukuma mtu, angalia alikokwama

Kazi ikichelewa, viongozi wengi hukimbilia kuongeza amri: taarifa kila jioni, kikao kila asubuhi. Mara nyingi haisaidii, kwa sababu aliyekwama hakukosa amri.

Mtafiti wa uongozi Robert House alilieleza hili mwaka 1971 katika nadharia ya njia na lengo. Kiongozi ajazie kinachopungua kati ya mtu na lengo lake, asirudie kile ambacho mtu au kazi yenyewe tayari inacho. Mitindo aliyoitaja baadaye na Terence Mitchell, mwaka 1974, ni minne: kuelekeza, kutegemeza, kushirikisha na kuweka lengo la juu. Kiongozi mmoja anaweza kuitumia yote, hata ndani ya wiki moja.

Chukua ripoti ya hesabu za mwezi. Mgeni wa kazi hiyo usimwambie tu "naitaka Ijumaa". Mpe ya mwezi uliopita aione, mwonyeshe kila tarakimu inatoka faili gani na nani huithibitisha, kisha mdai rasimu Jumatano ili zibaki siku mbili za kusahihisha. Miezi sita baadaye, ukiendelea kumkagulia mstari kwa mstari, ataona humwamini. Baya zaidi, ataacha kujikagua, maana anajua utakagua wewe.

Kuingiza takwimu kutwa nzima hakuna fumbo, kwa hiyo maelekezo zaidi ni kelele. Hapo kinachopungua ni moyo: badilisha zamu, sikiliza malalamiko ya kiti na mwanga, na ukisifu, taja kilichofanyika vizuri.

Kushirikisha huwafaa hasa wanaoamini mambo yao yako mikononi mwao. Ila usiulize maoni kama umeshaamua. Watu hunusa haraka, na safari ijayo watanyamaza.

Lengo la juu liache mpaka ujue mtu anaweza, na njia iko wazi. Na njia ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Muulize: "Unamsubiri nani?" Ikiwa ni saini iliyolala siku tisa mezani kwa mkubwa mwingine, hakuna mtindo wa kuongea utakaoitibu. Nenda kaifuate.

Ukibadili mtindo, sema. Usimamizi ukikatika ghafla, mtu hudhani ametupwa au amekosea. Sentensi moja inatosha: "Kuanzia mwezi huu rasimu sitaiangalia, niletee ya mwisho, ukikwama, nipigie siku hiyohiyo."