Kabla Hujamtukana Kocha: Namna ya Kufuata Msimu wa Futiboli ya Vyuo Marekani

Ukihamia Columbus, Ohio, hakuna atakayekuuliza kama unapenda futiboli ya Kimarekani. Watakuuliza mechi umeangalia wapi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State unaingiza watu zaidi ya 100,000, na Jumamosi ya mechi mji mzima unavaa nyekundu. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunaangalia dakika kumi, tunaona watu wanaangushana na kunyanyuka, tunarudi zetu kwenye Ligi Kuu ya England. Ushauri wangu: chagua timu moja ya chuo, ile ya mji unaoishi, uifuate kuanzia Agosti hadi mwisho, na hukumu uiweke kando kwanza. Nasema hivi kwa sababu ya msimu wa 2024.

Sheria usizihangaikie zote. Shika moja tu: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifika, inapata mengine manne. Ikishindwa, mpira ni wa wapinzani. Ndiyo maana jaribio la nne mara nyingi wanaupiga mpira mbali kwa mguu, au wakiwa karibu wanalenga katikati ya nguzo kutafuta pointi 3. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni pointi 6, na nafasi ya kuongeza juu yake. Yaliyobaki utayaokota njiani. Mimi nilielekezwa na mzee mmoja kazini, aliyekuwa akinichorea kwenye boksi la piza, na zipo adhabu ambazo hata yeye hubishana nazo mpaka leo.

Ukitaka kwenda uwanjani, usianze na mechi kubwa. Bei ya tiketi za Novemba itakukatisha tamaa. Nenda mwanzoni, timu ikicheza na vyuo vidogo. Mwaka 2024 Ohio State walifungua na Akron wakashinda 52-6, kisha wakaipiga Western Michigan 56-0. Kama ushindani, hamna kitu. Lakini utaiona bendi ya chuo ikitembea na kuandika neno Ohio uwanjani kwa mwandiko wa kuunganisha, halafu mpiga sousafoni mmoja, lile tarumbeta kubwa la kuzungushia mwili, anakwenda kwa madaha kusimama juu ya herufi i awe nukta yake. Watu wazima wanatokwa machozi pale. Na mtu akikupigia kelele “O-H!”, jibu ni “I-O!”, hata kama mmekutana kwenye foleni ya bucha.

Oktoba 12 timu ikasafiri hadi Oregon, ikafungwa 32-31. Pointi moja, tena ugenini, lakini ungedhani mji una msiba. Wana sababu. Msimu wa kawaida una mechi 12 tu. Tangu msimu wa 2014 hadi wa 2023, timu zilizoingia mchujo wa ubingwa zilikuwa 4, na haikutokea hata mara moja ikachaguliwa timu iliyopoteza mechi mbili. Aliyezoea hesabu hiyo, kipigo kimoja kinamnyima usingizi. Msimu wa 2024 ndio ulikuwa wa kwanza kuwa na mchujo wa timu 12, na mashabiki bado walikuwa wanahesabu kizamani.

Kisha Novemba 30, Michigan. Hawa na Ohio State ni Simba na Yanga, ila utani wenyewe haupo. Wiki hiyo herufi M kwenye mabango ya chuo hufunikwa kwa alama ya X nyekundu. Ohio State walikuwa namba 2 nchini. Michigan hawakuwamo hata kwenye 25 bora. Michigan wakashinda 13-10, palepale Columbus, mara yao ya nne mfululizo. Wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, watu wakavurugana, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Jumatatu kazini salamu zilikuwa za shida. Ukikutwa na siku kama hiyo, sema pole, basi. Usilete takwimu, usivae bluu, rangi ya Michigan, na usijiunge na kwaya ya “Ryan Day aondoke”, yaani kocha wa Ohio State. Watu wenye akili zao walitaka kocha aliyeshinda mechi 10 kati ya 12 afungashe virago. Mimi nilinyamaza, wala haikuwa busara. Sikuwa na timu nyingine ya kukimbilia.

Timu ikaingia mchujo ikiwa ya nane. Desemba 21 ikaipiga Tennessee 42-17. Januari 1 ikakutana tena na Oregon, ambao hawakuwa wamefungwa na yeyote, na kabla ya mapumziko ubao ulisoma 34-0, mwisho 41-21. Nusu fainali na Texas ndiyo iliyonitoa jasho. Texas walikuwa mlangoni kabisa wakitafuta kusawazisha, dakika zimebaki mbili na kidogo, Jack Sawyer wa Ohio State akampokonya mpira kwotabeki wao, yule mrusha pasi, na kukimbia nao yadi 83. Matokeo 28-14. Januari 20, fainali Atlanta, Notre Dame wakafungwa 34-23, na kocha yuleyule akabeba kombe.

Kama una harusi au sendofu mjini kwetu, angalia ratiba kabla ya kulipia ukumbi. Tarehe za mechi hujulikana mapema sana, ila saa mara nyingi hutangazwa siku chache kabla. Na kwa mlioko nyumbani mnaotaka kuangalia pamoja na kijana wenu aliyeko chuoni huku: mechi ya saa sita mchana Columbus ni saa moja usiku kwenu, na Marekani wakishabadili saa mwanzoni mwa Novemba inakuwa saa mbili. Fainali ile ilianza saa tisa na nusu usiku wa Afrika Mashariki, kwa hiyo laleni mapema.