Profesa "ameshiriki" utafiti wake? Kwani alitolewa damu?

Msomaji mmoja kaniandikia: "Mwalimu shikamoo. Nimepewa kazi ya kutafsiri wasifu wa profesa mmoja mtafiti, nimeandika hivi: 'Profesa ana athari kubwa katika sayansi, amenukuliwa mara 3,000 na ameshiriki tafiti zake na wanasayansi wa nchi 12.' Mwenzangu anabisha, anasema siyo kunukuliwa, ni kurejelewa. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ila amekuonyesha kibanzi akaacha boriti.

Tumalize kwanza ya kibanzi. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo, ni ndugu yake nakili, wote wametoka kwenye Kiarabu naqala, kuhamisha. Kurejelea ni kumrudia mtu na kumtaja kwamba hili nimelitoa kwake. Sasa chukua ile pepa, yaani makala ya utafiti, ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 kuhusu kupima protini, imetajwa kwenye pepa zaidi ya 300,000, na wengi waliomtaja hawakuchukua hata nusu sentensi yake, walitumia njia yake ya kupimia wakaandika "Lowry, 1951" wakaendelea na yao. Hapo nukuu iko wapi? Na kile kipimo cha h cha kupimia uzito wa kazi za mtafiti, alichokileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni hivyo hivyo, mtu mwenye h ya 20 ana pepa 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, hakuna mtu anayekaa kuhesabu alama za kufungua na kufunga nukuu. Lakini watu wameshazoea kunukuliwa, maprofesa wenyewe wanasema hivyo, na mi nimechoka kugombana nao. Wewe andika kurejelewa, ukisikia kunukuliwa meza mate upite.

Sasa boriti. "Ameshiriki tafiti zake na wanasayansi." Jamani jamani.

Kushiriki ni kuwa na fungu kwenye jambo, kuwemo. Asili yake ni Kiarabu sharika, na huko huko ndiko kulikotoka shirika, mshirika, hata ushirikina. Unashiriki mkutano, unashiriki mazishi, unashiriki mbio. Kwenye utafiti nako wapo watu wanaoitwa washiriki wa utafiti, na hao siyo maprofesa! Ni wale wanaojaziwa dodoso, wanaotolewa damu, wanaopewa kidonge cha majaribio halafu wanaulizwa kama wanasikia kizunguzungu. Kwa hiyo ukiniambia profesa ameshiriki tafiti zake, mi namwona kakunja mkono wa shati, pamba iko kwenye mshipa, anasubiri zamu yake kwenye benchi nje ya maabara yake mwenyewe. Na hao wanasayansi wa nchi 12 wamepanga foleni nyuma yake, kila mmoja na kichupa chake. Hivi ndivyo sentensi yako inavyosema, sijaongeza chumvi!

Najua ilikotoka. Kuna siku mtu alifungua kamusi akaona kushiriki iko jirani na neno la Kiingereza share, akaibandika kwenye kitufe cha simu, na tangu hapo watu wanashiriki picha, wanashiriki video, wanashiriki namba ya simu, mpaka juzi nimeona "shiriki nasi maoni yako", yaani nitoe maoni halafu nije niyahudhurie. Kwani tueleze ilikufa lini? Tuambie je? Picha inatumwa, habari inasambazwa, mkate unagawanywa. Atakuja mtu na mbona tunashiriki chakula, ndiyo tunashiriki, tumekaa wote kwenye sinia mikono inapishana, siyo kwamba nimekufungia kwenye kopo ukaondoka nacho.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kitenzi hiki kina watoto na kila mtoto ana kazi yake. Kushirikisha ni kumwingiza mwenzako. Kushirikiana ni kufanya pamoja. Paul Erdős, yule Mhungaria wa hesabu, aliandika pepa kama 1,500 na waandishi wenzake walikuwa zaidi ya 500, alikuwa anakwenda kwa watu na sanduku lake wanakaa wanapiga hesabu pamoja. Huko ndiko kushirikiana, ile -ana ya mwisho ndiyo inabeba jasho lote. Au ile pepa ya mwaka 2015 ya kupima uzito wa chembe ya Higgs, ile chembe ndogo kuliko atomu wanayoichunguza wanafizikia, waandishi 5,154, kurasa 33 na 24 kati yake ni majina ya watu na taasisi zao tu. Kama kila mmoja alishika bisibisi sijui, hilo ni suala lingine, lakini hata hao walishirikiana.

Wengine wananiuliza, mwalimu, na kushea je? Mtanishangaa. Afadhali kushea mara mia. Kushea ni mkopo wa wazi, umeingia kwa mlango wa mbele na sura yake ile ile, siku moja litazoeleka au litaondoka. Kushiriki hii mpya imevaa nguo za mwenye nyumba, ndiyo maana hamumtambui mgeni.

Kwa hiyo, kabla hujarekebisha, kamuulize mwenye wasifu: hao wa nchi 12 aliwatumia pepa zake wasome, au walifanya kazi pamoja? Kama aliwatumia, andika aliwatumia, ila ajue mtu aliyetumiwa pepa haingii kwenye hesabu ya ushirikiano, jina lake lazima liwepo pale juu kwenye waandishi. Kama walifanya pamoja, andika "tafiti zake zimerejelewa mara 3,000, na ameshirikiana na wanasayansi wa nchi 12".

Ile "athari kubwa" nimeiona, usidhani nimeipita. Weka "mchango mkubwa" kwa sasa, maana tukiifungua leo hatulali.