Asilimia 38 si hukumu: maswali yenu kuhusu insha za mtandaoni

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wahadhiri na wanachuo wa Dar es Salaam ambao kozi zao za uandishi zimehamia kwenye simu na kompyuta.

Shikamooni. Nipo mwaka wa pili, Chang'ombe. Insha yangu ya Kiingereza imepitishwa kwenye programu ya kukagua ufanano, ikatoka asilimia 38. Mhadhiri kanipa sifuri bila hata kuniita. Mimi sikukopi kwa mtu. Nifanyeje?

Marahaba. Namba hiyo ina maana moja tu: karibu maneno 38 kwa kila 100 yamekutwa pia mahali pengine. Programu kama Turnitin hutafuta ufanano. Kuamua kama ni wizi ni kazi ya mtu mwenye macho na akili, na kazi hiyo inaelekea haikufanyika.

Omba ripoti kamili, usiridhike na namba. Ipitie rangi kwa rangi. Mara nyingi utakuta imepakwa jalada, swali ulilolinakili juu ya ukurasa, nukuu ulizozifunga kwa alama, na orodha ya marejeo. Mipangilio ya programu inaruhusu nukuu na marejeo yaondolewe kwenye hesabu. Mhadhiri akisahau kuwasha, insha yenye marejeo 15 hupanda bila kosa lolote. Angalia pia kama rasimu yako ya kwanza ilihifadhiwa kwenye hazina ya programu. Ikiwa ilihifadhiwa, toleo la mwisho linaweza kufanana na lako mwenyewe. Na kinyume chake ni kweli: asilimia 6 yaweza kuwa aya nzima iliyobebwa bila kumtaja mwenyewe, na hiyo ndiyo kesi.

Halafu kuna steshenari. Ulichapa wapi? Faili likiachwa kwenye kompyuta ya steshenari huwa desa la mtu mwingine kabla ya jioni, na akiwahi kukusanya yeye, wewe ndiye unayeonekana mwizi. Printi kutoka kwenye flashi, au ukituma kwa barua pepe, futa faili lililopakuliwa, safisha na kapu la taka, kisha ondoka kwenye akaunti.

Kama tuhuma ni kwamba insha imeandikwa na akili mnemba, msimamo wetu ni mkali zaidi: kipimo cha programu inayodai kuitambua kazi ya akili mnemba, peke yake, hakitoshi kumnyima mtu alama. Vipimo hivyo hutazama, pamoja na mengine, jinsi maneno yanavyotabirika. Anayeandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu huchagua maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, basi mashine humdhania mashine mwenzake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo, kwenye vipimo saba. Kwa wastani zaidi ya asilimia 60 za insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilidhaniwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Mwaka huohuo kampuni ya OpenAI, yenye ChatGPT, ilikiondoa kipimo chake yenyewe kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Kinga yako ni mchakato. Andika kwenye Google Docs tangu sentensi ya kwanza, si kuandika kwenye WhatsApp kisha kupesti, maana aya 20 zikitua kwa dakika moja, historia ya uandishi inayohifadhiwa humo haitakusaidia. Siku ya kujitetea ifungue kwenye kompyuta, nenda kwenye historia ya matoleo, umwonyeshe mhadhiri ulivyofuta na kurudia. Ukimpa kiungo cha kusoma tu hataiona historia. Ni lazima awe na ruhusa ya kuhariri. Na ukilipakua faili kuwa la Word, historia hiyo haiendi nalo.

Ninafundisha uandishi Ubungo. Kila mwanachuo lazima achapishe insha tatu kwenye blogu ya wazi kwa jina lake, ndipo apate alama. Wawili wamekataa. Niwalazimishe?

Hapana, Mwalimu. Insha ya darasani ni kazi inayojifunza kutembea. Kuitoa hadharani ikiwa na jina kamili ni kumfunga mtu na makosa ya mwaka wa kwanza hadi siku anapoomba kazi. Ukifuta, mwingine ameshapiga picha ya skrini. Anayekataa si lazima akueleze sababu. Huenda anamkwepa mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Lengo lako ni wapate wasomaji. Wasomaji 40 wa darasani wanatosha, kwenye blogu yenye nywila. Anayetaka uwanja wa wazi aombe kwa maandishi, achague jina la kalamu akipenda, na alama zihesabiwe sawasawa kwa wote. Tangaza mapema tarehe ya kuifuta blogu hiyo.

Tukiwa hapohapo: kubandika matokeo yenye namba za usajili kwenye kundi la WhatsApp si siri. Darasa zima linajua namba ya nani ni ipi.

Mhadhiri wetu anatuma maelezo ya kozi kwa video tu. Bumu likichelewa, bando hakuna. Ni haki? (Mbagala)

Si haki. Video ya dakika 10 yaweza kupita MB 100, ilhali maneno 1,000 ya maandishi matupu hayafiki KB 10. Mwambieni kiongozi wa darasa apeleke ombi hilo likiwa na hesabu hizo mbili: kila video iambatane na maandishi yake.

Naweza kuwaonyesha wanafunzi wapya insha nzuri za mwaka jana? (Mhadhiri, Kijitonyama)

Kwa ruhusa ya aliyeandika, ndiyo. Hakimiliki ni yake tangu alipoandika, hata kama hajaisajili popote na hata kama wewe ndiye uliyempa swali. Iombe baada ya alama kutoka, maana kabla ya hapo hakuna mwanachuo atakayekwambia hapana.

Kufuta jina kwenye jalada hakutoshi. Faili la Word hubeba jina la mwandishi kwenye sifa za faili, na maoni yako ya pembeni pamoja na masahihisho yaliyofuatiliwa hubaki humo. Nakili maandishi matupu kwenye faili jipya, futa kijiji, shule au jina la mzazi lililotajwa ndani ya insha, ndipo utengeneze PDF. Kisha ifungue hiyo PDF utazame sifa zake: sasa huenda jina lililoandikwa humo ni lako.